Chupa Moja kwa Miezi Miwili

"Maji ya chumvi," alisema Daktari Fidelis. "Humo ndani hamna dawa hata chembe."

Aliisukuma karatasi ya maabara hadi upande wa pili wa meza, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti lake jeupe, ingawa ilikuwa safi. Mkaguzi Msaidizi Swaumu Nangomwa aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja na kuitia katikati ya daftari lake. Ilikuwa siku ya tatu tangu akabidhiwe jalada hili. Mpaka asubuhi ile lilikuwa jalada la malalamiko tu: mgonjwa wa Mnero anadai dawa ya macho aliyopewa na kliniki ya Nachingwea haimsaidii. Sasa lilikuwa jalada la jinai.

"Nieleze, Daktari, kama unavyomweleza mtu ambaye hajawahi kukanyaga kliniki ya macho."

"Jicho lina maji yake. Yanatengenezwa humo humo, yanazunguka, halafu yanatokea kwenye kichujio kidogo pembeni. Kichujio kikiziba, maji yanajaa, presha inapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unaminywa pole pole mpaka unakufa. Wala hauumi. Mtu anajikuta tu anapamia milango. Na kilichokufa hakirudi."

"Na dawa?"

"Dawa za zamani zinapunguza maji yanayotengenezwa, au zinayatafutia njia ya uchochoroni. Hii tunayoijaribu ni dawa mbili ndani ya chupa moja. Moja inapanua uchochoro, nyingine inalegeza kichujio chenyewe. Tone moja kila jioni, basi. Tuna wagonjwa thelathini na wawili, huu mwezi wa saba, na presha zimeshuka kuliko nilivyotegemea."

"Isipokuwa ya mzee Saturnini."

Daktari alirudisha miwani usoni. "Mwezi wa tano alikuwa na kumi na nne. Mwisho wa mwezi wa sita nikampima, thelathini na nne. Nilimgombeza, Mkaguzi. Nilidhani hatii dawa. Akaniapia kwa Bikira Maria kwamba hajaruka hata siku moja, akanikabidhi chupa yake niipeleke nikaipime. Nimeipeleka, na majibu ndiyo hayo."

Chupa yenyewe ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni, ndogo kuliko kidole gumba. Swaumu aliinua mfuko hadi kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi yenye jina la mgonjwa ilibandikwa upande upande, na chini yake ilionekana gundi ya karatasi nyingine iliyokwisha kubanduliwa. Kwenye kitako kulikuwa na namba zilizochapwa kiwandani.

"Namba hizi ni za mzigo wa lini?"

Daktari aliinama, akasoma. "Mzigo wa kwanza. Ulikwisha mwezi wa kwanza."

"Kwa hiyo hii ni chupa iliyotumika, ikajazwa maji, ikabandikwa jina la mzee. Chupa zilizotumika huwa zinakwenda wapi?"

"Zinarudi. Leonard ndiye anayepeleka dawa vijijini kwa pikipiki, na akirudi anarudi na chupa tupu. Anamkabidhi Sista Magreti, naye anazichoma kwenye tanuri la taka. Magreti huyo huyo ndiye anayebandika majina kwenye chupa mpya na kuzitunza kwenye friji."

"Na mtu akiitumia dawa hii, utamjuaje kwa kumtazama?"

"Macho yanakuwa mekundu. Si wote, lakini wengi. Si ugonjwa, ni mishipa inalegea."

Swaumu aliandika neno moja, *mekundu*, akalipigia mstari.

*

Mzee Saturnini aliwapokea barazani kwake Mnero. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyefundisha kwaya ya parokia kwa miaka ishirini na sita. Alimpa Swaumu kigoda, na Koplo Mikidadi, dereva na msaidizi wake, akakaa kwenye gogo la mkorosho.

"Kabla ya mwezi wa sita nilikuwa naona nini?" mzee alilirudia swali. "Nilikuwa naona kwaya yangu yote, mwanangu. Pembeni kulikuwa na ukungu, lakini niliwaona. Sasa hivi nikisimama mbele yao, sauti ya kwanza nawaona. Sauti ya pili wanasimama upande wa kushoto. Hao nawasikia tu."

"Dawa ulikuwa unatia kila siku?"

"Kila siku baada ya sala ya jioni."

"Ya mwezi wa sita ilikuwa tofauti na ya miezi mingine?"

Mzee aliinamisha kichwa, akafikiri. "Haikuchoma. Zile nyingine ukitia zinachoma kidogo, jicho linawasha. Ile ilikuwa baridi tu, kama maji. Nilifurahi. Nikasema, aa, sasa jicho limeizoea dawa."

Mikidadi alitazama chini.

"Chupa ikifika inakuwa imefungwa?" Swaumu aliuliza.

"Inafungwa na kale kapete ka plastiki. Mimi vidole vyangu vimekakamaa, siwezi. Leonard ananifungulia. Anakaa hapo hapo ulipokaa wewe, anafungua, ananielekeza. Ntu nzuri yule. Hata mke wangu alipofariki alikuja."

Njiani kurudi Nachingwea, mikorosho ya pande zote mbili za barabara ilikuwa imeanza kutoa maua. Mikidadi alivumilia kilomita kama tano hivi, kisha uzalendo ukamshinda.

"Afande, huyu Leonard tunamngojea nini? Anafungua chupa mwenyewe ili isijulikane kwamba pete imekatika."

"Au anamsaidia mzee mwenye vidole vibovu. Kufungua kifuniko si kosa, Mikidadi. Chupa tupu zinapita kwenye mikono ya watu wawili. Bado hatujaongea na wa pili."

*

Sista Magreti aliingia chumba cha mahojiano akiwa amejitanda khanga begani. Alipoketi na kuinua uso, Koplo Mikidadi alimtazama Swaumu haraka. Macho yote mawili ya muuguzi yalikuwa mekundu kama pilipili.

"Pole na macho," alisema Swaumu.

"Nimeshapoa, Afande."

"Yameanza lini?"

"Jumatatu."

"Unatia dawa gani?"

"Sijatia dawa. Nanawa tu."

"Unafanya kazi kwenye friji iliyojaa dawa za macho, macho yanakuwa hivyo, na hutii dawa?"

Magreti alielewa swali linakoelekea. Alivuta pumzi, akafungua mkoba wake, akatoa kitambaa kilichokunjwa na kukiweka mezani. Kilikuwa na vumbi la njano, na harufu yake ilijaa chumba kizima mara moja: harufu ya kiberiti.

"Salfa," alisema. "Nina mikorosho themanini kule Naipanga. Jumamosi na Jumapili nilikuwa napuliza, na mtu wa bomba alikuwa anapuliza bila kuangalia upepo. Muulize mtu yeyote mwenye korosho wilaya hii, mwezi huu tuna macho ya namna hii sote."

Swaumu alikinusa kitambaa, akamrudishia. Baba yake mwenyewe alikuwa na korosho, na kila mwaka msimu wa kupuliza alitembea wiki nzima na macho kama hayo.

"Chupa tupu anazoleta Leonard, unazihesabu?"

Hapo ndipo Magreti alipopoteza utulivu. Alianza kukikunja kitambaa, akakikunja tena. "Napokea mfuko. Umefungwa. Juu ameandika, chupa thelathini na mbili. Nasaini, natia kwenye tanuri."

"Hujawahi kuufungua?"

"Chupa chafu, Afande, zimetoka kwenye macho ya wagonjwa. Nani aanze kuzihesabu?"

"Kwa hiyo ikipungua moja hujui."

"Sijui," alisema kwa sauti ndogo. "Hilo kosa ni langu, na nitaandika maelezo hivyo hivyo."

*

Siku iliyofuata Swaumu alirudi kliniki na kuomba jambo ambalo Daktari Fidelis hakulitegemea. Hakutaka kadi ya mzee Saturnini peke yake. Alitaka kadi zote thelathini na mbili. Alizipanga juu ya kitanda cha kupimia wagonjwa, safu kwa safu, akawa anatembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa kitanda, kidole kikifuata tarakimu. Wagonjwa wote walikuwa wanapimwa mwisho wa kila mwezi.

"Huyu Hajra wa Kilimarondo," alisema. "Mwezi wa pili ana ishirini na tisa. Mwezi wa tatu amerudi kumi na tano."

"Alikuwa amefiwa, akashinda msibani. Nilidhani aliacha dawa."

"Na Abdalah, naye wa Kilimarondo. Mwezi wa nne ana thelathini na moja. Wa tano, kumi na sita."

"Yule kila siku anafukuza tembo shambani. Nikadhani..."

"Mwezi wa sita ikawa zamu ya mzee Saturnini. Wengine wote wametulia." Swaumu alizitoa kadi tatu na kuziweka kando. "Mtu anayeiba dawa aende akauze, anachukua boksi. Huyu anachukua chupa moja. Na hamrudii mtu yule yule. Anaizungusha shida, kila mtu akose mwezi mmoja tu. Huyu si mfanyabiashara, Daktari. Ana mgonjwa."

"Inawezekana."

"Wa pili, wa nne, wa sita. Kwa nini anaruka mwezi? Chupa moja inatosha siku ngapi?"

"Ukitia macho yote mawili, mwezi na siku chache."

"Na ukitia jicho moja?"

Daktari Fidelis alipiga hesabu kwa vidole. Nje, wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye benchi walikuwa wanacheka kitu.

"Miezi miwili," alisema. "Hatushauri, chupa ikishafunguliwa haitakiwi kukaa hivyo. Lakini matone yatatosha."

"Basi natafuta mtu mwenye jicho moja. Kwenye utafiti wako wapo?"

"Hakuna hata mmoja. Mtu aliyebakiwa na jicho moja hatumwingizi kwenye majaribio. Ukimharibia hilo, umemzimia dunia. Walikuja watatu mwezi wa kwanza, nikawakataa."

"Nipe majina yao. Na nipe alama nyingine zaidi ya wekundu. Wekundu nusura unifanye nimfungie mtu kwa sababu ya salfa."

"Kope," alisema Daktari. "Ile dawa ya uchochoroni inarefusha kope. Ndani ya miezi michache zinakuwa ndefu, nene, nyeusi tii. Na akitia jicho moja, zitarefuka za jicho hilo tu."

Majina yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la fundi cherehani wa pale pale Nachingwea mjini. Swaumu alimpelekea gauni la kupunguza kiuno, akamtazama kwa karibu wakati akichukua vipimo: kope fupi, chache, zimepauka kama mvi zake. La pili lilikuwa la mama mmoja wa Ruangwa mjini, lakini majirani walisema alihamia kwa binti yake Masasi tangu kabla ya Pasaka na hajarudi. La tatu lilikuwa la Teodosia Mwambe, mjane, wa Nanganga. Kwenye fomu yake pameandikwa kwamba aliletwa na jirani, Rozalia.

Walikwenda Jumamosi asubuhi.

*

Teodosia alikuwa uani, anapepeta ufuta. Aliposikia hodi aligeuza kichwa chote, kama afanyavyo kuku, ili jicho la kushoto liwafikie. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kabisa. La kushoto lilikuwa na wekundu kidogo kwenye pembe, na lilizungukwa na kope ambazo Swaumu hakuwahi kuziona kwa mwanamke wa miaka sabini. Zilikuwa ndefu na nyeusi, zimepinda juu kama za bibi harusi. Kwenye jicho jeupe kope zilikuwa fupi, za kawaida.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Jua limewachoma, kaeni hapa."

Kiswahili chake kilikuja taratibu, kimechanganyika na Kimwera. Swaumu alikaa. Hakutoa daftari.

"Sisi tunatoka polisi Nachingwea, mama. Tunafuatilia habari za dawa za macho. Wewe unatia dawa?"

"Natia. Imenisaidia sana. Mwaka jana giza lilikuwa linasogea kila mwezi. Sasa limesimama, kuku wa jirani akija kwenye ufuta bado namwona, namtupia kijiti." Alicheka. "Wenzangu kanisani wananitania kope, wanasema Teodosia anataka kuolewa."

"Anayekuletea ni nani?"

"Mwanangu. Leonard. Anafanya kazi kwa daktari wa macho."

Koplo Mikidadi aliondoka taratibu, akaenda kusimama karibu na gari. Swaumu aliomba kuiona dawa na kadi ya kliniki. Mama aliingia ndani, akarudi na chupa iliyofungwa kwenye kitambaa safi, na mfuko wa plastiki wenye kadi na barua moja. Namba za kitako cha chupa zilikuwa za mzigo wa mwezi wa sita. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduliwa.

Barua ilikuwa ya Kiingereza, yenye sahihi ya Daktari Fidelis na tarehe ya mwezi wa kwanza. Swaumu aliisoma hadi mwisho, akarudia aya ya pili.

"Barua hii umesomewa, mama?"

"Rozalia alirudi nayo. Daktari alimwambia maneno mengi, yeye akashika moja, kwamba sifai. Leonard akamtafuta mtu wa kuisoma, naye akasema hivyo hivyo, imeandikwa hafai. Nikaihifadhi tu, maana karatasi ya hospitali haitupwi."

Pikipiki iliingia uani muda huo huo. Leonard, mtu wa makamo, mnene, mwenye uso wa upole, aliliona gari la polisi, akamwona mama yake na yule askari wa kike wameketi pamoja, chupa ikiwa katikati yao juu ya mkeka. Alizima injini. Hakujaribu kukimbia. Alishuka, akamwamkia mama yake kwanza, ndipo akamgeukia Swaumu.

"Nimeshajua," alisema.

"Hajra, mwezi wa pili," alisema Swaumu. "Abdalah, wa nne. Saturnini, wa sita. Mwezi wa nane ingekuwa zamu ya nani?"

"Mama mmoja wa Nachingwea. Presha yake iko chini sana. Nilijua ataweza kuhimili."

"Ulijua? Kwani wewe ni daktari?"

"Sina utaalamu. Niliangalia tu tarakimu kwenye kadi." Leonard alikaa chini, mgongo kwenye gurudumu la pikipiki. "Nilichemsha maji, nikatia chumvi kama wanavyosafishia vidonda. Nilisema mwezi mmoja hauwezi kumdhuru mtu."

"Kwa nini hukumwambia Daktari kwamba huyu ni mama yako?"

"Alipopelekwa kliniki nilikuwa safarini na dawa, na nilipotaka kumwambia, chupa ya kwanza nilikuwa nimeshaichukua. Ningemwambia ningejifunga mwenyewe. Na alishaandika kwamba hafai."

Swaumu alimpa barua. Kisha akakumbuka kwamba hawezi kuisoma, akaichukua tena na kuitafsiri kwa sauti, pole pole, ili na mama asikie.

"*Mgonjwa huyu hafai kwa utafiti wa dawa mpya, kwa kuwa amebakiwa na jicho moja.* Huyo msomaji wenu aliishia hapo. Aya ya pili inasema: *Aletwe kliniki mwezi wa tatu, mashine ya mwanga itakapofika. Kwa mwanga huo tutafungua kichujio cha jicho kwa dakika chache, bila kisu, na huenda asihitaji dawa ya matone kwa muda mrefu. Matibabu haya anastahili, na yafanyike mapema.*"

Leonard alikuwa anaitazama karatasi mikononi mwa askari kama mtu anayengoja iongeze maneno.

"Mashine ilikuja mwezi wa tatu," alisema Swaumu, aliyekuwa ameliona jina la Leonard kwenye daftari la kupokelea mizigo kliniki. "Ikaja tena wa sita. Wewe ndiye uliyesaidia kuishusha kwenye gari."

"Mimi ndiye niliyeishusha," alisema Leonard. Ndipo akajifunika uso.

Mikidadi alisogea na pingu. Swaumu alimtikisia kichwa. Hakukuwa na haja. Alitoa daftari sasa, akaandika saa na mahali, akaitia chupa ndani ya mfuko wa vielelezo mbele ya macho yao wote. Alimweleza Leonard haki zake. Kisha akampigia simu Daktari Fidelis, akamweleza kwa ufupi, akamwambia kwamba kuanzia jioni hiyo kuna mgonjwa asiye na dawa. Daktari alijibu kwamba atamwanzishia matone ya kawaida leo leo, mpaka mashine irudi mwezi wa tisa. Akasema pia kwamba barua zile alipaswa kuziandika kwa Kiswahili.

"Ungeziandika," alisema Swaumu, akakata simu.

Teodosia alikuwa amesimama, ungo bado mkononi. Alikuwa amefuata kila neno.

"Hao watu watatu," alimuuliza Swaumu. "Wanaona?"

Swaumu angeweza kusema mambo hayo yataelezwa mahakamani. "Wawili presha zao zimerudi chini, mama. Mmoja, mzee wa Mnero, mshipa wake ulikuwa umeshachoka. Mwezi ule mmoja umemchukulia upande mzima."

"Hautarudi?"

"Hautarudi."

Mama aliuweka ungo chini, ufuta ukamwagika pembeni, hakuuzoa. Aliingia ndani. Walipomwona tena alikuwa amevaa viatu vya kanisani na kujifunga kitenge kipya, kadi ya kliniki ameishika mkononi. Alimpita mwanawe bila kumgusa. Alipofika mbele yake kidogo akasimama, akageuza kichwa chote kumtazama.

"Ulichukua la mtu ukanipa mimi," alisema. "Hata kuniuliza hukuniuliza."

"Mama..."

"Ningekataa, Leonard."

Akaenda hadi kwenye gari, akapapasa mlango mpaka akapata kishikio.

"Mama, sisi tunampeleka kituoni," alisema Swaumu kwa upole. "Wewe Daktari atakupokea, hata kesho."

"Daktari nitamwona. Mnero iko njiani?"

"Tunaweza kupitia."

"Basi nipelekeni kwanza kwa huyo baba. Nimkabili, na yeye anikabili, wakati bado lipo jicho la kuangaliana."

Koplo Mikidadi alimtazama mkuu wake. Swaumu aliitika kwa kichwa, na koplo akamfungulia mama mlango wa mbele.